Bwana Penney, muchuuzi wa Kemmerer aliyekataa kukopesha

Mbele mushahara haujafika mukononi, sisi watumikaji wa mini tunajua umekwisha kwenda wapi: kwa Banki Lamberi, kwa bon pour, mu kaye ya muuzishaji wa unga pale kwenye kona. Mwezi unaisha, tunalipa deni, na kesho yake tunaanza kukopa tena. Kwa sababu hiyo tunaandika leo juu ya mutu wa Marekani, James Cash Penney, aliyekufa mu 1971. Wengi wanamujua kama tajiri wa nguo. Sisi tunamutazama zaidi kwa sababu kazi yake ilianza mu muji mudogo wa makaa ya mawe, katikati ya watu wa shimo sawa sisi.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 9 mwaka wa 1875, karibu na Hamilton, mu jimbo la Missouri. Hilo jina Cash, maana yake feza mukononi, hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa baba yake. Baba alikuwa mulimaji na muhubiri wa Kibatisti asiyelipwa hata senti. Mutoto alipofika miaka 8, baba alimwambia kwamba tangu siku hiyo atajinunulia nguo mwenyewe. Mutoto akafuga nguruwe, majirani wakalalamikia harufu, baba akamulazimisha kuwauzisha. Kiisha akaingia mu magazini ya Hamilton kwa mushahara wa dola 2 na senti 27 kwa mwezi.

Mu 1897, kwa sababu ya afya, akaenda Colorado. Mu muji wa Longmont akafungua buchari. Mupishi wa oteli, mununuzi wake mukubwa, alitaka chupa ya wiski kila juma ndipo anunue nyama kwake. Penney alitoa ya kwanza, ya pili akakataa. Oteli ikaacha kununua, buchari ikafa. Hapa kwetu hiyo chupa iko na majina mingi, kila mutu anaijua.

Njo akaajiriwa na Bwana Callahan na Bwana Johnson, wenye magazini za jina la Golden Rule. Walipoona anatumika muzuri, wakamupa nafasi ya kuwa mushirika, afungue magazini mupya na kuwa na sehemu moja ya tatu. Akachagua Kemmerer, mu jimbo la Wyoming, muji wa watu karibu 1.000, wengi wakiwa watu wa makaa. Sehemu yake ilikuwa dola 2.000. Alikuwa na akiba ya dola 500, zingine 1.500 akakopa. Ndiyo, yeye aliyekataa kukopesha alianza na deni.

Mu miji ile, magazini kubwa ilikuwa ya kampani ya mini yenyewe. Mutumikaji alichukua unga, viatu na mafuta kwa mukopo, kampani ikakata mu mushahara. Bei ilipangwa na yule yule aliyepanga mushahara. Tufikiri kidogo: kama mutu anakuuzishia chakula na tena njo mwenye kazi yako, utagoma namna gani? Utagoma ukiwa na deni lake? Wazee wetu waliokula posho ya kampani wanaelewa hii neno bila kuelezwa.

Wenye muji walimuonya Penney: bila kukopesha, hutafika mbali. Alifungua tarehe 14 mwezi wa 4 mwaka wa 1902. Alitumia mbao za sanduku za bidhaa, akalala juu ya magazini pamoja na muke wake Berta na mutoto wao. Berta naye aliuzisha, mutoto akilala chini ya meza. Feza mukononi tu, bei moja kwa wote, bei ya chini. Siku ya kwanza waliingiza dola 466 na senti 59. Mwaka wa kwanza ulifika dola 28.898. Bibi za watumikaji wa makaa ndio walioelewa mbele ya mabwana zao kwamba kulipa mara moja ni kulipa kidogo.

Kiisha ikaja Rock Springs na Cumberland, nazo miji ya makaa. Mu 1907 Callahan na Johnson walimuuzishia sehemu zao kwa dola 30.000. Mu 1913 kampani ikachukua jina lake, na mu 1929 ilikuwa na magazini karibu 1.400, nyingi mu miji midogo. Siri yake ilikuwa hii: mukubwa wa magazini aliyefundisha mwingine vizuri aliweza kupata sehemu moja ya tatu mu magazini mupya. Kwa hiyo hakuna aliyeficha kazi kwa mwenzake. Ila sisi wa sandika tunasimama hapa kidogo. Sehemu hiyo ilikuwa ya wakubwa wa magazini. Mama aliyesimama kutwa nzima nyuma ya meza akikunja suruali hakupewa sehemu ya tatu.

Na watu waliomutajirisha? Mu 1923, mu shimo la Frontier, karibu kabisa na Kemmerer, moto ulipasuka chini na watu 99 wakafa. Bei ya chini ya magazini haikuwasaidia wale.

Berta alikufa mu 1910, muke wa pili mu 1923. Bei za hisa zilipoanguka mu 1929, Penney alikuwa amekopa akiweka hisa zake kama rehani, na utajiri wake ukapotea. Akaugua roho na mwili, akalazwa Battle Creek, mu Michigan. Alitoka pale akaanza tena.

Mu 1940, kijana mumoja wa kazi mu magazini yake ya Des Moines alifundishwa na Penney mwenyewe kufunga muzigo kwa karatasi na kamba kidogo sana. Kijana huyo ni Sam Walton, aliyeanza Walmart mu 1962, naye mu muji mudogo.

Mu 1958 kampani yake ilianza kukopesha wanunuzi. Mzee Penney hakupenda, lakini hakuwa tena na nguvu ya kuzuia. Aliendelea kuja mu biro New York hata baada ya miaka 90. Alikufa tarehe 12 mwezi wa 2 mwaka wa 1971, na miaka 95.