Edward Steere na Silabi "ji"

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akaiacha akawa padri. Mwezi Agosti 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Sarufi fupi ya Krapf ilikwisha kutoka mwaka 1850, lakini iliegemea Kimvita. Steere aliketi na Waunguja wenye elimu, akasikiliza na kuandika, huku akiwafundisha watoto waliokombolewa utumwani.

Lugha yake ya kuzaliwa humtaka msemaji achague: "myself" kwa anayesema, "yourself" kwa anayeambiwa, "himself" au "herself" kwa anayesemwa, "themselves" kwa wengi. Waunguja walikuwa na silabi moja tu, ikaayo kabla ya shina la kitenzi, awaye yote mtenda: nilijikata, ulijikata, walijikata. Kitabu chake cha sarufi, kilichochapwa mwaka 1870, kiliieleza silabi hiyo.

Mwanachuo atakayepangiwa Kiongoroni, penye mikoko ya delta ya Rufiji, ataifuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Mtoto aliyezoea "ji" moja, akishalipata neno "himself", hulifanya nalo kuwa la wote, akaandika "I cut himself". Asikemewe. Kanuni anayo, ila ni ya lugha nyingine. Aulizwe kwanza: nani alishika panga, na nani alikatwa? Wakiwa mtu mmoja, neno lifuate nafsi ya mtenda: "I cut myself". Wakiwa wawili, "him" au "her" yatosha.

Hata hivyo, si kila "ji" hudai neno hilo. Kujifunza ni "learn" tu, na kujiunga ni "join". Tena Mwingereza hutumia maneno yaleyale anapotaka kusisitiza, pale sisi tusemapo "mwenyewe": "I cooked it myself". Hapo ndipo wakufunzi wengi tunapojikwaa, mimi nikiwamo, kwa kuyafundisha matumizi yote mawili katika kipindi kimoja.

Steere aliwekwa kuwa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Kazi ya lugha hakuiacha; aliwaandikia pia mazoezi wageni wanaoanza Kiswahili. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya madhabahu.