Mtaka cha Mvunguni: Kisa cha Williamson wa Mwadui

Mzazi mmoja kutoka pande za Kajiado alinijia shuleni hapa Kitengela, mkononi ameshika kitambaa kilichofungwa mafundo mawili. Ndani yake mlikuwa na jiwe jeupe la kung'aa. Aliuziwa kuwa ni almasi, na bei yake ikawa karo ya mwanawe ya muhula mzima. Muuzaji alikuwa ameikwaruza chupa kwa jiwe hilo mbele ya macho yake, naye akaridhika. Kwa masikitiko nilimweleza kwamba hata kwatzi, jiwe lililotapakaa kote nchini, hukwaruza kioo.

Tangu siku hiyo, kila nifundishapo habari za madini, huanza na maisha ya marehemu Dkt. John Williamson.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1933. Afrika alikuja akiwa mwajiriwa wa makampuni ya madini, kisha akajitegemea na kuisaka almasi peke yake katika Tanganyika, kusini mwa Ziwa Viktoria. Fedha zilimpungukia, malaria ikamwandama, lakini hakuuacha msako.

Hakufuata mng'aro. Alijua kuwa almasi ni kaboni tupu, ndugu wa makaa tuyaonayo katika magunia kando ya barabara ya Namanga. Tofauti ni kwamba almasi hufinyangwa kwa joto na shinikizo kubwa, zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi, kisha volkano huipandisha ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti. Basi yeye aliutafuta mwamba. Mwaka 1940 akaufikia huko Mwadui, Shinyanga: eneo la hekta 146 hivi, mojawapo ya miamba mikubwa zaidi ya almasi duniani.

Neno almasi tulilipokea kutoka kwa Waarabu, nalo asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kisichoshindika. Jina hilo ni kweli nusu. Hakuna jiwe jingine la asili liwezalo kuikwaruza almasi, ila almasi mwenzake. Hata hivyo pigo moja la nyundo laweza kuipasua. Ugumu si sawa na kutovunjika, na mwanafunzi asiyelijua hilo atadanganywa kama alivyodanganywa yule mzazi.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima halikufika gramu 11. Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Ilipochongwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Jiwe likaitwa Williamson. Mgodi nao ukabeba jina lilo hilo.

Hapa ndipo ninapoachana na wamsifuo bila kipimo. Waafrika waliochimba na kuosha mchanga ule hawakuachiwa jiwe hata moja lenye majina yao. Na Williamson mwenyewe, kwa utajiri wake wote, hakuwa bwana wa bei: alivutana na wakubwa wa soko la London juu ya kiasi cha kuuza, mpaka wakapatana. Alifariki Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huo huo mgodi ukauzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Walimu wenzangu, ardhi yetu ya Kajiado ina magadi, chokaa na marumaru. Watoto wetu huyaona malori yakipita yamesheheni, lakini ni wangapi wajuao yamebeba nini, yaenda wapi, na nani apangaye bei? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Williamson aliinama kwa elimu, akaokota. Asiye na elimu huinama akaokotewa.

Yule mzazi alilifunga jiwe lake kitambaani akarudi kwao. Muhula ule mwanawe hakurudi darasani.