Marehemu Paul Bomani na Mizani ya Mkulima

Wanachama wanapokutana kuadhimisha miaka kumi ya chama chao kikuu, ni desturi njema kuwakumbuka waliowatangulia. Katika kurasa hizi tumechagua kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa Singida wala hakulima Iramba. Hata hivyo, kila mkulima wa mkoa wetu anayepeleka pamba au alizeti kwenye ghala la chama cha msingi anapita katika njia ambayo mtu huyo alisaidia kuifyeka. Naye ni marehemu Paul Bomani. Maisha yake yalifuatana na mageuzi makubwa ya nchi yetu, na ndani yake mna funzo ambalo mwanaushirika hana budi kulishika.

Paul Bomani alizaliwa Musoma tarehe 1 Januari 1925, miaka michache baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na kijana huyu alipata elimu katika shule za misheni. Baadaye aliajiriwa katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Kazi ya namna ile ilikuwa ya heshima kwa Mwafrika wa siku zile, na wengi walioipata walikaa nayo hadi uzeeni. Bomani hakukaa. Mwaka 1947 alihamia Mwanza, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Ushirika haukuwa jambo geni nchini wakati huo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu. Lakini katika Jimbo la Ziwa, ambako pamba ililimwa kwa wingi kuliko mahali pengine popote nchini, mkulima alikuwa bado peke yake. Aliibeba pamba yake kichwani au kwa baiskeli hadi kwenye kituo cha mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyehesabu fedha. Mkulima aliambiwa uzito, akapokea alichopewa, akarudi nyumbani.

Malalamiko juu ya mizani yalikuwa makubwa. Tuseme mizani imekula ratili mbili tu katika kila mzigo. Mtu mwenye mizigo 20 kwa msimu amepoteza ratili 40 za jasho lake, na hana wa kumwuliza. Ndipo wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kuaminika waliosimama kando ya mizani ya mnunuzi ili kuhakikisha kwamba uzito uliotajwa ndio uzito uliokuwapo. Kutokana na mbegu hiyo ndogo ukaota mti mkubwa. Mwaka 1952 Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa. Alizunguka vijijini, akieleza kwamba kumlinda mkulima penye mizani ya mtu mwingine ni mwanzo tu, na kwamba shabaha ni mkulima kuwa na mizani yake mwenyewe, ghala lake na kinu chake cha kuchambulia pamba.

Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo kilicho karibu na mji wa Loughborough. Aliporudi, kazi iliyokuwa imeanza ilipata umbo. Mwaka 1955 vyama vikuu vya jimbo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Bomani akawa Meneja Mkuu wake. Katika muda wa miaka mitano Shirikisho lilikusanya zaidi ya vyama vya msingi 300, likawa na vinu vyake lenyewe, na pamba ya jimbo zima ikawa inapitia mikononi mwa wakulima. Lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima.

Msomaji na akumbuke hali ya siasa ya miaka hiyo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini Serikali ya kikoloni ilizuia matawi yake katika Usukuma hadi mwaka 1958. Wakati mkutano wa siasa ulipokatazwa, mkutano wa ushirika uliendelea. Humo mkulima alijifunza kumchagua mwenyekiti, kusikiliza hesabu zikisomwa, na kumwondoa kiongozi asiyefaa. Kwa hiyo Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, watu wengi wa Ziwa walikuwa wamekwisha kuonja kujitawala kupitia pamba yao. Bomani mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia Serikalini kushika wizara ya kilimo, na kuanzia mwaka 1962 hadi 1965 alikuwa Waziri wa Fedha.

Hapa ndipo penye funzo, nasi hatutaki kulificha kwa ajili ya heshima ya marehemu. Mwezi Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja. Bomani alisimama huko Mwanza, katikati ya watu aliowaunganisha, akashindwa vibaya na mtu asiyekuwa na jina kubwa. Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrudisha katika Baraza la Mawaziri, lakini habari ilikuwa imekwisha kuenea nchi nzima. Sababu za kushindwa zilisemwa nyingi. Lililo wazi ni kwamba katika miaka ileile wakulima walikuwa wakilalamikia vyama vyao wenyewe: makato yasiyoeleweka, makarani wasiojua hesabu, na wakubwa waliokaa mbali na ghala. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, nayo ilikuta upungufu wa watumishi waliofunzwa, ubadhirifu, na wanachama wasiojua haki zao. Mizani ilikuwa imetoka mikononi mwa mnunuzi ikaingia mikononi mwa chama, lakini mahali pengi yule mpimaji wa kusimama kando yake hakuwapo tena.

Mageuzi yaliyofuata yalikuwa mazito. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na muda si mrefu Shirikisho la Victoria nalo likapisha Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1972 Bomani alipelekwa Marekani kuwa balozi. Alikuwa huko ng'ambo wakati Serikali ilipovivunja vyama vikuu vyote vya ushirika mwaka 1976. Vijiji vilipewa kazi za vyama vya msingi, na mamlaka za mazao zikapewa kazi ya kununua. Kazi ya miaka mingi ikawa imefutwa, na mkulima akajikuta tena mbele ya mizani isiyo yake. Mamlaka zile hazikufaulu kama ilivyotumainiwa, na malipo ya wakulima yalichelewa mara nyingi. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama vikuu, na baada ya miaka Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvivunja lilikuwa kosa.

Bomani alirudi nyumbani mwaka 1983, akaendelea kuitumikia nchi. Kuanzia mwaka 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika heshima hiyo alifariki mwezi Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Ndugu wanachama, tumeyasimulia maisha haya pamoja na kushinda na kushindwa kwake, kwa sababu chama chetu kikuu, kilicho na miaka kumi tu, bado ni kichanga. Vyama vikubwa kuliko hiki vilisimama vikaanguka. Havikuangushwa na amri ya mwaka 1976 peke yake. Vilianza kulegea siku mwanachama alipoacha kuuliza, akidhani kwamba kwa kuwa mizani ni ya chama, basi haiwezi kusema uongo. Mtemi wa ushirika ni mwanachama. Aliyeshika funguo za ghala ni mtumishi wake, na mtumishi mwema hachukii kuulizwa.

Basi msimu ujao, mzigo wako wa alizeti au pamba utakapowekwa juu ya mizani, usigeuke kuzungumza na jirani. Simama karibu, soma namba kwa macho yako, linganisha na stakabadhi kabla ya kuikunja. Na mkutano mkuu utakapoitwa ili hesabu zisomwe, usimtume mtoto akakusikilizie. Wapimaji wale wa Ziwa walifanya hivyo wakiwa hawana chama wala sheria ya kuwalinda. Sisi tunavyo vyote viwili.