Maisha ya Abraham Lincoln

1. Nguo ya merikani

Zamani za Seyyid Said na wanawe, nguo iliyotakiwa kuliko zote katika pwani ya Mrima ilikuwa merikani. Ilikuwa nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nzito, yenye kudumu. Misafara iliyotoka Tanga, Pangani na Saadani kwenda bara ilichukua majora ya merikani mabegani mwa wapagazi, na huko bara nguo hiyo ilikuwa kama fedha. Kwayo walinunua pembe za ndovu na vyakula vya njiani, na kwayo walilipa hongo kwa wakuu wa nchi walizopita. Jina lake lilitoka katika jina la nchi ilikofumwa, yaani Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na nchi hiyo, na merikebu za bandari ya Salem zikawa zikija Unguja kuleta nguo na kupakia pembe na sandarusi.

Lakini pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani palikuwa na mashamba makubwa, na waliolima walikuwa watu weusi, ambao wazee wao walitekwa katika nchi za Afrika, hasa zile za magharibi, wakavushwa bahari wakiwa wamefungwa minyororo. Tena nguo hiyo, iliyotokana na jasho la watumwa wa ng'ambo, ilitumika kununua watumwa wengine huko bara, nao wakaletwa Pangani na Unguja.

Hata mwaka 1861 merikani ikaanza kuadimika, na wafanya biashara wakaleta nguo za Uingereza na Bara Hindi mahali pake. Sababu ilikuwa vita. Marekani ilikuwa imegawanyika, ndugu akipigana na ndugu, na kiini cha ugomvi kilikuwa utumwa. Rais wa nchi siku hizo aliitwa Abraham Lincoln, na hii ndiyo habari ya maisha yake.

2. Mtoto wa kibanda cha magogo

Abraham Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala, na nyumba yao ilikuwa kibanda cha magogo chenye chumba kimoja. Abraham alipokuwa na miaka saba walihamia Indiana, nchi ya msitu mnene, na tangu hapo mtoto akashika shoka kumsaidia baba yake kufyeka.

Mwaka 1818 mama yake, Nancy, alikufa kwa ugonjwa uliotokana na maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye sumu. Abraham alikuwa na miaka tisa tu. Mwaka uliofuata baba yake alioa mke mwingine, jina lake Sarah, mjane mwenye watoto watatu. Mama huyu wa kambo alimpenda Abraham kama mtoto wa tumbo lake, akamtia moyo katika kusoma. Shule zilikuwa mbali na ada ilikuwa ngumu kupatikana. Siku zote alizosoma shuleni, zikihesabiwa pamoja, hazikutimia mwaka mmoja. Elimu iliyobaki aliipata kwa vitabu vya kuazima.

Alipokuwa kijana alisafiri mara mbili katika mashua pana ya mbao, akishuka mto Mississippi na shehena mpaka New Orleans. Mji huo ulikuwa na soko kubwa la watumwa. Tena mwaka 1841, akisafiri katika meli ya mtoni, aliwaona watumwa kumi au kumi na wawili wamefungwa pamoja kwa minyororo wakipelekwa kuuzwa mbali na jamaa zao. Miaka mingi baadaye aliandika katika barua kwamba jambo hilo lilikuwa likimtesa moyoni kila alipolikumbuka.

3. Wakili

Katika jimbo la Illinois, ambako jamaa zake walihamia mwaka 1830, Lincoln alifanya kazi nyingi. Alikuwa karani wa duka, mkuu wa posta katika kijiji kidogo, na mpima ardhi. Alifungua duka pamoja na mwenziwe, likafilisika, na mwenziwe akafa. Wengine wangekimbia wadeni wao, lakini Lincoln alilipa deni lote, ijapokuwa kulilipa kulimchukua miaka mingi. Wakati huo huo alijifundisha sheria peke yake, akapata ruhusa ya uwakili mwaka 1836, akahamia mji wa Springfield. Mwaka 1842 alimwoa Mary Todd. Walizaa watoto wanne wanaume, na mmoja tu ndiye aliyeishi mpaka utu uzima.

Siku hizo Marekani ilikuwa nusu ya utumwa na nusu ya uhuru. Majimbo ya kaskazini yalikuwa yameukomesha utumwa, na majimbo ya kusini yaliushika kwa nguvu, kwa maana sehemu kubwa ya utajiri wao ilitegemea pamba. Mwaka 1854 baraza kuu la nchi, liitwalo Kongresi, lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wakazi wa nchi mpya za Kansas na Nebraska kuamua wenyewe kama watakuwa na watumwa ama hapana, ijapokuwa sheria ya mwaka 1820 ilikuwa imeukataza utumwa huko. Mwaka 1857 mahakama kuu iliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani.

Lincoln aliyapinga mambo hayo kwa hotuba katika miji mingi. Hakutaka utumwa ukomeshwe siku moja mahali pote, lakini alishika neno moja: usienezwe katika nchi mpya hata kidogo, maana kila mtu ana haki ya kula matunda ya kazi ya mikono yake. Mwaka 1858 alishindana kwa hotuba saba na Stephen Douglas, mtu mwenye sifa kubwa. Lincoln alishindwa, Douglas akapata kiti, lakini hotuba zile zilisomwa magazetini nchi nzima. Tarehe 6 Novemba 1860 Lincoln akachaguliwa kuwa Rais.

4. Vita

Mabwana wa kusini waliposikia habari hiyo waliogopa kwamba mali yao ya watumwa itapotea. Kabla Lincoln hajashika kazi, majimbo saba yalijitenga na kujifanyia serikali yao. Mwezi wa Aprili 1861 majeshi yao yaliipiga mizinga ngome ya Fort Sumter, na vita vikaanza. Majimbo mengine manne yakajiunga na walioasi, yakawa 11.

Lincoln hakuanza vita kwa kuwafungua watumwa. Aliona kwamba wajibu wake wa kwanza ni kuuokoa umoja wa nchi. Tena yalikuwako majimbo manne ya mpakani yenye watumwa ambayo hayakuasi, naye alichelea kuyapoteza. Kwa hiyo watu wengi walimlaumu. Mmoja wao alikuwa Frederick Douglass, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa akatoroka, akawa mwandishi na msemaji hodari. Yeye aliona kwamba Rais anakwenda polepole mno. Kwa muda Lincoln alifikiri pia kwamba watu weusi waliofunguliwa wapelekwe kukaa nchi nyingine, lakini wengi wao walikataa, maana Marekani ndiko walikozaliwa na ndiko walikofanya kazi.

Hata katikati ya vita kazi nyingine za serikali hazikusimama. Mwaka 1862 Lincoln alitia sahihi sheria tatu kubwa. Ya kwanza ilimpa kila mtu aliyetaka kulima eka 160 za ardhi, ziwe zake akiisha kukaa na kuzilima miaka mitano. Ya pili iliagiza ijengwe reli ya kuvuka nchi mpaka upande wa bahari ya Pasifiki, nayo ilimalizika mwaka 1869. Ya tatu ilitoa ardhi kwa kila jimbo ili ipatikane fedha ya kuanzisha vyuo vya kufundisha ukulima na ufundi. Sheria hizo ziliwatajirisha watu wengi. Walakini sehemu kubwa ya ardhi iliyogawanywa ilikuwa ya wenyeji wa asili, nao walisukumwa mbali na makao ya baba zao.

5. Tangazo la uhuru

Mwaka huo huo wa 1862 Lincoln alipata msiba nyumbani. Mwanawe Willie, wa miaka 11, alikufa kwa homa. Rais alilia, kisha akarudi kazini.

Mwezi wa Aprili utumwa ulikomeshwa katika mji mkuu, Washington, na mabwana wakalipwa fidia. Wakati wa joto Lincoln aliwaonyesha mawaziri wake tangazo la kuwafungua watumwa wa majimbo yaliyoasi. Waziri mmoja akamshauri angoje mpaka jeshi lipate ushindi, watu wasidhani kwamba ni kilio cha mtu anayeshindwa. Lincoln akaliweka tangazo lake sandukuni, akangoja. Mwezi wa Septemba jeshi la kusini lilirudishwa nyuma huko Antietam, na siku tano baadaye akalitoa. Tarehe 1 Januari 1863 likawa na nguvu ya sheria.

Tangazo hilo halikuwagusa watumwa wa majimbo manne ya mpakani, na kusini lilifuata tu hatua za jeshi. Lakini tangu siku ile kila mahali jeshi la kaskazini lilipofika, watumwa walikuwa huru. Tena watu weusi waliruhusiwa kuwa askari, na wapata 180,000 waliingia jeshini. Mwanzoni walilipwa mshahara mdogo kuliko askari weupe. Frederick Douglass alikwenda kwa Rais mwenyewe kulalamika. Lincoln alimpokea kwa heshima na kumsikiliza, na mwaka 1864 Kongresi ikausawazisha mshahara.

Lincoln alijua kwamba tangazo la wakati wa vita laweza kubatilishwa vita vikiisha. Kwa hiyo alitaka utumwa ukomeshwe katika Katiba yenyewe. Mara ya kwanza, mwaka 1864, neno hilo lilishindwa katika Kongresi. Lincoln hakukata tamaa, akawaita wajumbe mmoja mmoja, akawashawishi. Tarehe 31 Januari 1865 likapita, na watu waliokuwa barazani wakashangilia na kulia kwa furaha. Kabla ya mwaka kwisha majimbo ya kutosha yalilikubali, na watumwa wapata milioni nne wakawa watu huru kwa sheria.

6. Kifo chake

Tarehe 9 Aprili 1865 Robert Lee, jemadari mkuu wa kusini, alisalimu amri. Watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Lincoln hakutaka kisasi. Askari walioshindwa walipewa chakula, wakaruhusiwa kurudi makwao na farasi zao wapate kulima.

Siku tano baadaye, usiku wa tarehe 14 Aprili, Lincoln alikwenda na mkewe kutazama mchezo wa kuigiza. Mtu mmoja aitwaye John Wilkes Booth, aliyewapenda watu wa kusini, alimjia nyuma akampiga risasi kichwani. Lincoln alikufa asubuhi yake. Mwili wake ulichukuliwa kwa gari moshi mpaka Springfield, na watu wengi walisimama kando ya reli kumwaga.

Kazi yake haikwisha siku ile. Majimbo ya kusini yalitunga sheria nyingine za kuwanyima watu weusi kura na kuwatenga katika shule na magari, na miaka karibu mia ilipita kabla sheria za mwaka 1964 na 1965 hazijaukataza ubaguzi huo.

Katika pwani ya Tanga na Pangani pia utumwa haukuondoka kwa siku moja. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Mwaka 1876 alikataza misafara ya watumwa kufika pwani. Wakati wa Wadachi iliamriwa kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 awe huru, lakini wazazi wake walibaki watumwa. Ndipo mwaka 1922 sheria ya Tanganyika ilipoukomesha utumwa kabisa. Mwaka huo huo, huko Washington, lilifunguliwa jengo kubwa la mawe meupe la kumkumbuka Lincoln.

Abraham Lincoln hakuwa mtu asiye na kosa. Alisitasita, na mara nyingine waliomlaumu walikuwa na haki. Lakini alikubali kusikiliza na kujifunza, na alipoona wazi lililo haki alilishika asiliache, hata likamgharimu uhai wake. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi yake kila haba ilikuwa na bei yake.