Askofu Trevor Huddleston na Mtaa Uliovunjwa



Wazee wetu waliopata Kipaimara katika Dayosisi ya Masasi kati ya mwaka 1960 na 1968, wengi wao waliwekewa mikono na Askofu Trevor Huddleston. Wanamkumbuka kwa urefu wake na kwa kanzu yake. Lakini si wengi wanaojua kwamba kabla ya kufika kwetu alikuwa amepigana vita kubwa, na vita hiyo ilihusu nyumba za kupanga. Leo tunaeleza habari zake kwa upande huo, maana zinatufundisha jambo linalowapata watu wengi hata sasa: serikali inapomjengea mtu nyumba ya kodi nafuu, je, anapata au anapoteza?

Trevor Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, tarehe 15 Juni 1913. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la majini la India. Alisoma Lancing, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Baada ya kupewa daraja takatifu alitumika katika mji wa Swindon, mji wa mafundi wa reli, na huko alizoea kuishi na wafanyakazi. Mwaka 1939 aliingia Jumuiya ya Ufufuo, ambayo ni watawa wa Kianglikana wenye makao yao Mirfield. Mwaka 1943 jumuiya ikamtuma Afrika Kusini. Alikuwa na miaka thelathini tu alipokabidhiwa kazi ya misheni katika mitaa miwili ya Johannesburg, Sophiatown na Orlando.

Mitaa hiyo miwili haikufanana, na inafaa tuielewe vizuri.

Orlando ilianzishwa na Halmashauri ya Mji wa Johannesburg miaka ya mwanzo ya 1930. Nyumba zilikuwa za halmashauri, ndogo, za safu kwa safu, na kila aliyekaa humo alikuwa mpangaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walimiminika mjini kutafuta kazi viwandani, na nyumba hazikutosha. Familia mbili au tatu zilijibana katika nyumba moja. Mwaka 1944 wapangaji wa vyumbani, wakiongozwa na James Mpanza, walitoka wakaenda kwenye uwanja mtupu wakajijengea vibanda vya magunia. Padre Huddleston aliyaona hayo kwa macho yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba alizipinga nyumba za halmashauri. Alijua kwamba watu maelfu walizihitaji.

Sophiatown ilikuwa mtaa wa namna nyingine. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Herman Tobiansky aliinunua ardhi ile mwishoni mwa karne ya 19, akaupa mtaa jina la mkewe, Sophia, na mabarabara majina ya watoto wao. Alitaka kuwauzia Wazungu viwanja. Lakini Wazungu hawakupapenda, kwa kuwa mji ulikuwa ukimwaga maji machafu karibu na hapo. Basi akawauzia Waafrika na watu wengine wasio Wazungu. Hivyo Sophiatown ikawa moja ya mahali pachache sana nchini ambapo Mwafrika aliweza kununua kiwanja na kupewa hati yake.

Kiwanja kilikuwa na gharama. Mwenye nyumba wengi walikuwa na deni la ununuzi, na ili walipe deni hilo walijenga mabanda ya mabati uani na kuyapangisha. Watu wakazidi kuongezeka. Uani mmoja ulikuwa na familia nyingi na bomba moja la maji. Kodi ya chumba ilikuwa kubwa, na vijana wahuni walisumbua watu usiku. Lakini katika mtaa huohuo alikaa daktari karibu na dobi, na mwalimu karibu na mchuuzi. Watu wa makabila mbalimbali, Wahindi na Wachina, walinunua duka moja. Juu ya kilima lilisimama Kanisa la Kristo Mfalme na mnara wake mrefu, na shule ya misheni ilijaa watoto.

Padre Huddleston alitembea mtaani kila siku, na watoto walimfuata wakimshika kanzu. Mwaka 1945 alianzisha mpango wa kuwapa chakula watoto wenye njaa. Mvulana mmoja aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu alitembelewa naye hospitalini kila wiki kwa muda wa miezi mingi. Mvulana huyo alikuwa Desmond Tutu, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Cape Town.

Baada ya Makaburu kushika serikali mwaka 1948, walikusudia kuiondoa Sophiatown. Walisema ni mtaa mchafu, na kwamba watu watapewa nyumba bora zaidi mahali paitwapo Meadowlands, karibu na Orlando. Halmashauri ya Mji iliposita, serikali ilitunga sheria mwaka 1954 na kuunda bodi yake yenyewe, ikaipa fedha za kujenga nyumba na uwezo wa kuwahamisha watu.

Hapa ndipo palipokuwa na ugumu. Nyumba za Meadowlands zilikuwa za matofali, kila familia na yake, tena na uwanja mdogo. Mpangaji aliyekuwa akilala na watoto sita katika banda la bati, akimlipa mwenye nyumba fedha nyingi, angewezaje kuikataa nyumba ya namna hiyo? Wengi hawakuikataa. Wako waliofurahi kuondoka, na hatuna haki ya kuwalaumu. Padre Huddleston alilijua jambo hilo. Hakudai kwamba mabanda yalikuwa mema, wala hakuwatetea wenye nyumba waliotoza kupita kiasi.

Alichokipinga ni kitu kingine. Kwanza, ikiwa shida ilikuwa msongamano, mabanda yangeweza kuvunjwa na nyumba nzuri kujengwa palepale Sophiatown, bila kumhamisha kila mtu. Pili, kulikuwa na maelfu ya watu wasio na nyumba kabisa, na hao ndio waliostahili kujengewa kwanza. Tatu, na hili lilikuwa kubwa kuliko yote, mwenye kiwanja chake alikuwa ananyang'anywa hati na kugeuzwa mpangaji wa serikali. Huko Meadowlands hakuna aliyeruhusiwa kumiliki ardhi, na hata kumlaza mgeni kulihitaji kibali. Tena watu waligawanywa kwa makabila, Watswana upande wao, Wazulu upande wao, ili jirani wa jana asiwe jirani tena. Nyumba ilikuwa nafuu, lakini mpangaji aliilipia kwa uhuru wake. Na sababu ya kweli ya uhamisho, alisema Padre, haikuwa uchafu. Mitaa ya Wazungu ilikuwa imekua mpaka ikaizunguka Sophiatown, nao hawakutaka majirani weusi.

Akapinga hadharani, pamoja na viongozi wa ANC kama Nelson Mandela. Mwaka 1953, askari walipouingia mkutano wa wananchi katika sinema ya Odin, alikuwamo na aliwakemea. Lakini hawakushinda. Alfajiri ya tarehe 9 Februari 1955, siku ya mvua, polisi wapatao 2,000 waliuzingira mtaa. Malori ya jeshi yakapakia vitanda, meza na vyungu vya watu. Padre Huddleston alikuwa barabarani tangu asubuhi, akizunguka kati ya watu wake, akitazama nyumba zikianza kubomolewa. Uhamisho uliendelea kwa miaka kadhaa, na watu waliohamishwa walikuwa zaidi ya 60,000. Mahali pale pakajengwa nyumba za Wazungu, pakaitwa Triomf, maana yake ushindi. Yalibaki majengo machache tu, likiwamo Kanisa la Kristo Mfalme, na nyumba ya Daktari A. B. Xuma aliyepata kuwa Rais wa ANC.

Watu wa Meadowlands walipata paa lisilovuja. Lakini walikuwa mbali zaidi na kazi zao, nauli ikaongezeka, na mzazi akatoka alfajiri na kurudi usiku. Bibi aliyekuwa akiwaangalia watoto wa jirani alipelekwa upande mwingine. Wauzaji wadogo waliwapoteza wateja wao. Mambo hayo hayakuonekana katika hesabu za bodi, ambayo ilihesabu nyumba.

Mwaka huo huo wa 1955 ANC ilimpa Padre Huddleston nishani ya Isitwalandwe, heshima yake iliyo kubwa kuliko zote. Muda mfupi baadaye jumuiya yake ilimwita arudi Uingereza, naye alitii, ingawa moyo wake uliumia. Mwaka 1956 kilitoka kitabu chake juu ya Sophiatown, nacho kiliifanya dunia ijue. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano wa London ulioanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini, walisimama kusema yeye na Julius Nyerere. Tangu hapo walikuwa marafiki.

Mwaka 1960 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Masasi. Baada ya mji ule wenye kelele, alikuja kwenye vijiji vyetu vya miti, udongo na nyasi. Huku mtu hakulipa kodi. Alijijengea nyumba yake akisaidiwa na ndugu na majirani. Alijifunza Kiswahili, akazunguka mitaa yote ya dayosisi, akashughulikia shule na hospitali, na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 aliliunga mkono. Mwaka 1968 alijiuzulu ili kiti kikaliwe na Mwafrika, na Askofu Hilary Chisonga akamfuata.

Kutoka kwetu alikwenda kuwa Askofu wa Stepney, mashariki ya London. Huko alikuta tena nyumba za halmashauri za kodi nafuu, nyingi kuliko alizopata kuziona. Mabomu ya vita yalikuwa yamebomoa mitaa mizima, na halmashauri zilijenga nyumba mpya, nyingine za ghorofa nyingi kwenda juu. Familia nyingi za makuli na washonaji zilipata bafu na maji ya moto kwa mara ya kwanza. Lakini wahamiaji kutoka Bangladesh walipata shida kubwa kuzipata nyumba hizo, wakabanana katika majengo machakavu, na wahuni waliwapiga njiani. Askofu alisimama upande wao. Alikuwa ameyaona hayo Johannesburg: ikiwa nyumba ya umma inagawiwa kwa rangi ya mtu, basi ujenzi mzuri nao unakuwa chombo cha kutenga.

Kati ya 1978 na 1983 alikuwa Askofu wa Mauritius na Askofu Mkuu wa Bahari ya Hindi, na tangu 1981 akawa Rais wa chama cha Uingereza cha kupinga ubaguzi wa rangi. Alijaliwa kuuona ubaguzi huo ukianguka mwaka 1994. Alifariki Mirfield tarehe 20 Aprili 1998. Majivu yake yalipelekwa Sophiatown, yakazikwa kando ya Kanisa la Kristo Mfalme. Mwaka 2006 jina la Triomf liliondolewa, na mtaa ukaitwa tena Sophiatown.

Ndugu zangu, sisi wa Narung'ombe habari hizi zinatuhusu. Wazee wetu wanajua maana ya kuhamishwa, tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Wengine walisogea karibu na shule na zahanati, nao wakaacha nyuma mikorosho, mashamba na makaburi. Watoto wetu nao leo wanapanga vyumba Lindi, Mtwara na Dar es Salaam. Kule Magomeni Kota, nyumba za zamani za kupanga zilipobomolewa, wakazi walisubiri miaka mingi. Lakini mwaka 2022 yalifunguliwa majengo mapya palepale, kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikikaa hapo. Nyumba bora katika mtaa uleule na majirani walewale: hilo ndilo jambo ambalo watu wa Sophiatown walinyimwa.

Tukumbuke habari za Naboti katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kumwibia. Alianza kwa kumwahidi shamba jingine lililo bora zaidi. Naboti alikataa kwa kuwa lake lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa ajili hiyo aliuawa. Kwa hiyo tusiwabeze wenye kuhitaji nyumba nafuu, maana asiye na paa hawezi kungoja. Lakini viongozi wanapokuja na ramani, tuwaulize kwa adabu: Nani ataimiliki? Jirani yangu atakuwa nani? Nitakwendaje kazini? Na je, nikikataa, nitasikilizwa?

Askofu Huddleston aliyauliza maswali hayo kwa niaba ya watu ambao hawakuruhusiwa kuyauliza. Mungu amlaze mahali pema, na sisi atupe moyo wa kumtetea jirani kabla lori halijafika mlangoni.