Ngugi wa Mirii na ukumbi uliojengwa kwa mchango

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu ukumbi wa maigizo wa jamii, iwe ni kuujenga au kuukarabati, hapa kwetu Olenguruone na kwingineko katika Bonde la Ufa, swali la kwanza huwa ni pesa zitatoka wapi. Hutajwa mbunge, hutajwa serikali ya kaunti, hutajwa kampuni yenye mkono wazi. Ni nadra kutajwa mtu aliyetumia sehemu bora ya ujana wake kulijibu swali hilo hilo. Kwa sababu hiyo nimeona vyema leo niwakumbushe wasomaji habari za hayati Ngugi wa Mirii.

Jina lake limekaa kivulini kwa miaka mingi. Mwenzake na jina-moja wake, Ngugi wa Thiong'o, aliyeaga dunia Mei 2025, alikuwa na sifa kubwa mno hata wengi wakadhani kwamba Ngugi wa pili alikuwa ndugu yake, au msaidizi tu wa kubeba karatasi. Sivyo hata kidogo. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, waliuandika wawili hao pamoja.

Wa Mirii alizaliwa Limuru mwaka wa 1951. Alikuwa mtoto mchanga serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Muda mfupi kabla ya hapo, wakulima wa Kikuyu waliokuwa wamepewa mashamba hapa Olenguruone tangu 1941 walikuwa wameyakataa masharti ya serikali, wakala kiapo, wanawake na watoto wakiwemo, na mwishowe wakafukuzwa na kupelekwa Yatta. Kule Limuru nako watu walikusanywa katika vijiji vya hali ya hatari, na Kamiriithu ni kimoja cha vijiji hivyo. Uhuru ulipokuja, wengi wa wakazi wake walibaki bila ardhi, wakawa vibarua katika mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata.

Mwaka wa 1976 wa Mirii alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Shauku yake ilikuwa elimu ya watu wazima, ile tuliyozoea kuiita ngumbaru. Alikubaliana na mwelimishaji wa Brazil, Paulo Freire, kwamba mtu mzima hafundishwi a-e-i-o-u kama mtoto. Huanza na maneno yanayoyagusa maisha yake, kama vile ujira, shamba, njaa na karo. Mimi ni mwanaisimu, na nadiriki kusema kwamba jambo hilo lilikuwa sahihi kitaaluma kabla halijawa la kisiasa. Anayejifunza kuliandika neno ujira hawezi kukwepa kujiuliza mbona wake ni mdogo.

Katika madarasa hayo ndimo ulimozaliwa mchezo, na mchezo ulihitaji mahali. Kijiji kilikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa vijana, na juu yake banda la udongo lenye vyumba vinne, lililokuwa likibomoka. Hapo ndipo wa Mirii, wa Thiong'o, mwelekezi Kimani Gecau na wanakijiji walipoanzia. Vijana walichora ramani ya ukumbi kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini, kisha wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakajenga wenyewe. Ukumbi ule haukuwa na paa, lakini uliweza kuwakalisha watazamaji zaidi ya 2,000. Serikali haikutoa hata senti moja. Asiye na shilingi alileta jembe, na asiye na jembe alileta mikono yake.

Naomba wasomaji watue kidogo hapa. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila mwanakijiji alikuwa na ruhusa ya kumkosoa mwigizaji, kusahihisha msemo usio wa Kikuyu safi, au kueleza jinsi kiapo kilivyokuwa kikiliwa kwa kweli. Ndiyo maana mchango ulipatikana. Mtu hutoa kwa ajili ya kitu ambacho neno lake limo ndani yake. Harambee zetu nyingi hutenda kinyume: mgeni wa heshima hutangaza kitita chake kwenye kipaza sauti, wananchi hupiga makofi, na jengo likishakamilika hupewa jina la mgeni huyo na kufuli la mlinzi wake.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walifurika. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa, na mwisho wa Desemba wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akaja kuachiliwa Desemba 1978. Wa Mirii hakurudi nyuma. Mwanzoni mwa 1982 kikundi kilikuwa tayari na mchezo mwingine, Maitu Njugira, kikataka kuuonyesha katika Jumba la Kitaifa la Maigizo, Nairobi. Mlango haukufunguliwa. Machi mwaka huo serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamiriithu, na tarehe 12 malori ya polisi yakaja kuubomoa ukumbi.

Jumba lile la Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1952, lilikuja kukarabatiwa kwa msaada mkubwa wa kampuni ya bia, likafunguliwa upya mwaka wa 2015. Sina ugomvi na kampuni hiyo. Paa lililovuja lilihitaji kuzibwa. Lakini hapa Nakuru, ambako jumba la Nakuru Players ni urithi wa walowezi, na huku Olenguruone ambako hata urithi huo haukufika, nionavyo mimi hatuna budi kuuliza mapema ni nani atakayeshika ufunguo. Pesa za kampuni au za kaunti zikija, na zipokelewe. Ila hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la jamii, na vitabu vya hesabu viwe wazi kama yalivyokuwa mazoezi ya Kamiriithu. Kuna na suala la lugha. Kamiriithu waliigiza kwa Kikuyu kwa kuwa ndiyo lugha ya kijiji chao. Olenguruone ina Wakipsigis, Waogiek na Wakikuyu, na imeshuhudia damu ikimwagika kati ya majirani mnamo 1992 na tena mapema 2008. Jukwaa la lugha moja hapa litakuwa jukwaa la upande mmoja. Harambee ya ukumbi wetu itangazwe kwa lugha zote, na Kiswahili kiziunganishe.

Wa Mirii alikimbilia Zimbabwe mwaka wa 1982, nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Huko mchezo kuhusu Dedan Kimathi, ambao sisi tunausoma kama Mzalendo Kimathi, ulitafsiriwa kwa Kishona. Alishiriki kukianzisha chama cha kuunganisha vikundi vya maigizo ya jamii, ZACT, na kwa miaka mingi akazunguka mitaa na vijiji akiwafundisha vijana kuigiza chini ya miti na katika kumbi za shule. Kule kwao Limuru, kwenye kiwanja cha ukumbi uliobomolewa, serikali ilijenga chuo cha ufundi.

Alifariki katika ajali ya gari huko Harare tarehe 3 Mei 2008. Siku mbili baadaye serikali ya Kenya ilianza kuwarejesha mashambani wakimbizi wa ndani, wakiwemo wa Molo na Kuresoi, wengi wao wakirudi penye nyumba zilizochomwa.