Walter Dandy na Mshipa Ulioilalia Neva

Wanachuo wenzangu, kuna maumivu ya uso ambayo upepo tu ukikupiga shavuni, au ukipiga mswaki, yanapita kama umeme. Wengine wanang'olewa meno mazima wakidhani ni jino, kumbe ni neva ya tano, ile inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo. Wengi wanaumwa upande mmoja. Wachache wanaumwa pande zote mbili, na hao ndio walionifanya mimi, ninayesomea udaktari, nimfuatilie Walter Dandy.

Jamaa alizaliwa mwaka 1886 mjini Sedalia, Missouri, Marekani, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyehamia kutoka Uingereza. Alihitimu udaktari Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1910, akafanya kazi hapohapo mpaka alipofariki mwaka 1946. Mkubwa wake, Harvey Cushing, alipohamia Boston hakumchukua, na wawili hao hawakupatana tena.

Enzi hizo wapasuaji walipitia kwenye panja wakaikata neva. Maumivu yaliisha, ila uso ulikufa ganzi. Upande mmoja unavumilika. Sasa hebu fikiria pande zote mbili: mdomo hausikii chakula, macho hayasikii vumbi mpaka yanafanya vidonda, na ikikatwa pia sehemu inayoendesha misuli ya kutafuna, taya linaning'inia.

Mwaka 1925 Dandy alieleza njia yake. Aliingilia nyuma ya sikio, akaifikia neva pale inapotokea kwenye shina la ubongo. Hapo aliweza kukata sehemu tu, akabakiza hisia nyingi na nguvu ya kutafuna. Wapo wenzake walioona njia hiyo ni hatari mno. Lakini huko nyuma alikuta jambo ambalo waliopita panjani hawakuliona: mara nyingi mshipa wa damu umeilalia neva na kuibonyeza. Mwaka 1934 aliandika kuhusu wagonjwa 215, akautaja mbonyezo huo kuwa chanzo cha maumivu.

Hata hivyo aliendelea kukata; darubini ya upasuaji hakuwa nayo. Miaka ya 1960 Peter Jannetta alichungulia kwa darubini, akakuta yaleyale, akaanza kuusogeza mshipa na kuweka kipande laini katikati. Neva inabaki nzima. Kwa hiyo mgonjwa wa pande zote mbili, kama kweli mishipa ndiyo inayombonyeza, anaweza kupasuliwa upande mmoja, baadaye wa pili, na bado akasikia joto la chai mdomoni. Si wote, lakini. Wapo ambao ala ya neva yenyewe imeharibiwa na ugonjwa, na kwao kusogeza mshipa hakusaidii sana.

Dandy hakuwa mtu mpole, wasaidizi wake walimwogopa. Mimi namheshimu kwa jambo moja: aliandika alichokiona hata kabla hajajua akifanyie nini. Basi ukikuta maabara kitu ambacho hakimo kwenye noti za mwalimu, usikifute ili ripoti ipendeze. Kiandike. Huenda kuna mgonjwa anayekisubiri.